Alamisho za Msomaji na Msaidizi wa Mashine

Msomaji anayekunja pembe ya ukurasa hasemi neno. Anayetia ukuti au kipande cha gazeti kati ya kurasa mbili naye hasemi. Anachokifanya ni kujiwekea ahadi kwamba atarudi. Ahadi hiyo huenda akaitimiza kesho, huenda asiitimize kabisa. Kitabu kikishaazimwa, mwazimaji huukuta ukuti ule asijue uliwekwa kwa sababu gani: ukurasa ulimpendeza mwenyewe, au ulimuudhi, au adhana ililia na kitabu kikafungwa papo hapo. Uhakiki wa fasihi umejishughulisha sana na maneno ya mwandishi, na tangu nadharia za upokezi zishike kasi umejishughulisha pia na msomaji. Hata hivyo, alama anazoziacha msomaji huyo, ambazo ni ushahidi wa kimya wa kusoma kwake, hazijapewa uzito zinaostahili. Sasa suala hilo limeletwa mlangoni na jambo lisilotarajiwa kutoka upande wa fasihi: wasaidizi wa akili unde wameanza kuruhusiwa kupekua alamisho ambazo watu wamezihifadhi katika vivinjari vyao vya intaneti.

Neno alamisho lenyewe ni geni kidogo masikioni mwa wazee wa lugha, ingawa alama, ambayo ndiyo asili yake, ni neno la siku nyingi. Kivinjari nacho wapo wanaokiita kisakuzi. Ama kuhusu mashine zenyewe, Kenya imezoea kusema akili unde na Tanzania akili mnemba. Mzozo huo wa istilahi yamkini utakwisha kama ulivyokwisha ule wa tarakilishi na kompyuta, yaani hautakwisha.

Tarihi ya alamisho si ndefu, lakini ina mengi ya kumfunza mhakiki. Kivinjari cha Mosaic, kilichotolewa mwaka 1993, kilimwezesha mtumiaji kuweka orodha ya kurasa alizotaka kuzirudia. Netscape, kilichofuata mwaka 1994, ndicho kilicholieneza jina lenyewe la alama ya kitabuni. Kampuni ya Netscape ilinunuliwa mwaka 1999, na kivinjari chake kikaachwa kuhudumiwa mwaka 2008. Pamoja na hayo, mtu anayehamisha alamisho zake leo kutoka kivinjari kimoja hadi kingine hupata faili ambalo mstari wake wa kwanza bado unalitaja jina la Netscape, kama vile muswada unaoendelea kumtaja nakala ambaye kaburi lake halijulikani tena. Kioja kingine ni cha Chrome. Kivinjari hicho huandika tarehe ya kila alamisho kwa kuhesabu sehemu za milioni za sekunde tangu tarehe 1 Januari 1601. Wakati huo Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa bado jengo jipya. Kwa hiyo mwalimu anayehifadhi ukurasa wa ratiba ya mitihani hupimiwa saa yake kuanzia zama za Wareno.

Kabla ya vivinjari hivyo, mwaka 1945, mwanasayansi Mmarekani Vannevar Bush alikuwa amechapisha makala mashuhuri akiwazia mashine ambayo msomaji angeitumia kuunganisha maandishi kwa maandishi, akaacha nyuma yake njia ya mawazo inayoweza kufuatwa. Katika makala hayo yumo msomaji anayeinakili njia yake na kumkabidhi rafiki. Tendo hilo la kukabidhi ndilo kiini cha suala zima. Bush alimwona mtu anayempa mwenzake alichoamua kumpa. Mwaka 2003 Joshua Schachter alipoanzisha Delicious, mahali ambapo watu waliweka alamisho zao hadharani, uamuzi huo ulikuwa umekwisha fanywa: kila aliyeweka alama alijua kwamba ana hadhira, akaichagulia anwani zake na kuzipamba kwa maelezo. Alamisho za Delicious zilikuwa utanzu, zikiwa na mtunzi na wasikilizaji wake. Alamisho zilizobaki ndani ya kivinjari cha mtu hazina msikilizaji. Ziko karibu na kunong'ona, au na ile tabia ya mzee anayefunga fundo kwenye ncha ya leso yake ili asisahau jambo.

Kisa kimoja kitatosha kuonyesha mambo yanayotokea fundo hilo linapofunguliwa na mwingine. Mwalimu mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Kilifi amekuwa akiandika tasnifu ya uzamifu kuhusu mashairi ya Muyaka bin Haji na jinsi yalivyohifadhiwa. Kwa muda wa miaka tisa alikusanya alamisho zaidi ya 3,000. Nyingi zilikuwa za makala, orodha za miswada na picha za kurasa za hati ya Kiarabu. Nyingine zilikuwa za mapishi, matangazo ya kazi, mashamba, dawa na habari za siku. Alikuwa na folda aliyoiita Muyaka, nyingine aliyoiita Wazee, na ya tatu, iliyokuwa kubwa kuliko zote, aliyoiita Baadaye. Kila mtafiti anaijua folda hiyo ya tatu kwa jina moja au jingine.

Shida yake ilikuwa ya kiisimu. Chombo cha kutafutia kilichomo ndani ya kivinjari hulinganisha herufi kwa herufi, na Kiswahili hakikuumbwa kwa ajili ya ulinganishaji wa namna hiyo. Mtu akiandika tenzi, chombo hakimletei makala yenye utendi katika anwani yake, kwa kuwa lahaja za kaskazini husema utendi na tendi pale Kiswahili sanifu kinaposema utenzi na tenzi. Akiandika mwandishi, hapati waandishi wala uandishi, sembuse andika. Inkishafi huandikwa na baadhi ya wasomi kwa kiambishi cha Kiarabu na na wengine bila. Nomino inayobadilisha mwanzo wake kila inapobadili ngeli humfanya mtafutaji aandike neno lile lile mara nne, na bado asiwe na hakika. Kwa msomaji wa Kiingereza, ambaye maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, kero hii ni ndogo mno hata huenda asiiamini.

Ndipo alipokubali kumwunganisha msaidizi wa akili unde na alamisho zake. Namna ya kuunganisha huko si ya kichawi. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, ambayo ni makubaliano ya wazi kuhusu jinsi msaidizi anavyoweza kuulizia habari kutoka katika programu nyingine. Programu ndogo hukaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, ikasoma faili la alamisho, na kila msaidizi anapoomba, ikamletea majina ya kurasa, anwani, folda na tarehe. Msaidizi hatafuti kwa herufi pekee. Anaweza kuambiwa kwa lugha ya kawaida kwamba yanatakiwa makala kuhusu watu walionakili tungo za Mombasa katika karne ya 19, naye akajaribu utenzi, utendi, shairi, muswada na hata maneno ya Kiingereza na Kijerumani bila ya kukumbushwa.

Matokeo yalimfurahisha mwalimu yule. Makala aliyoyatafuta kwa mwaka mzima yalipatikana kabla chai haijapoa, yakiwa ndani ya Baadaye, chini ya kichwa cha Kijerumani alichokwisha kukisahau. Kwa jioni kadhaa alifukua mengine. Ni haki kukiri kwamba kwa mtafiti anayefanya kazi mbali na maktaba kubwa, asiye na msaidizi wa utafiti wala ruzuku, chombo cha namna hii si anasa. Wanaokikataa moja kwa moja aghalabu ni wale ambao tayari wana watu wa kuwatafutia.

Usiku mmoja aliuliza swali la aina nyingine. Alitaka kujua, kwa kuzitazama alamisho zote, ni mambo gani yaliyomshughulisha zaidi katika miaka ile. Jibu lilikuja katika aya tatu zilizonyooka. Aya ya kwanza ilikuwa ya miswada, na ilikuwa sahihi. Ya pili ilisema kwamba yaelekea mtu wa karibu katika familia yake anaugua maradhi ya figo. Ya tatu ilisema kwamba alikuwa akifikiria kuacha ualimu na kwenda kufanya kazi ng'ambo. Kurasa za figo alikuwa amezihifadhi kwa ajili ya jirani asiyekuwa na simu ya intaneti. Nyumbani kwake hapakuwa na mgonjwa. Ama kuhusu safari, hilo lilikuwa kweli, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe.

Kilichomtisha si kwamba mashine ilijua. Kilichomtisha ni kwamba kosa na kweli vilisemwa kwa sauti moja, kwa utulivu ule ule, bila ya dalili yoyote ya kumwezesha mtu mwingine, lau angelisoma jibu lile, kutenga hili na lile. Mume angeliliona angeuliza ni nani mgonjwa, kisha angeuliza kuhusu safari.

Mhakiki wa fasihi hana budi kulitambua kosa hili, kwa kuwa ni la ukoo wake mwenyewe. Kwa miaka mingi uhakiki uliusoma ushairi kana kwamba ni hati ya kiapo ya mshairi: akitaja mapenzi, basi alipenda, akitaja kifo, basi alifiwa. Wimsatt na Beardsley waliushambulia mtindo wa kusaka nia ya mtunzi mwaka 1946, na Roland Barthes akatangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Wanafunzi wa idara za fasihi hukaririshwa majina hayo mpaka wakayachoka. Msaidizi wa mashine anarejesha mlango wa nyuma yale yaliyofukuzwa mlango wa mbele. Anaikuta orodha isiyo na msimulizi wala sentensi, akaitungia mhusika mwenye familia, maradhi na mipango, halafu akampa mhusika huyo jina la mwenye kompyuta. Tena wasifu huo umejengwa juu ya maandishi dhaifu kuliko shairi lolote, kwa kuwa shairi angalau limetungwa. Alamisho haikutungwa. Mtu huhifadhi ukurasa anaokusudia kuupinga, ukurasa alioutumiwa na shemeji na kuona haya kuukataa, ukurasa ambao hakuusoma hata mstari mmoja. Kuhifadhi mara nyingi ni namna ya kutosoma.

Hoja ya upande wa pili haifai kudharauliwa, na inatoka katika tasnifu ile ile ya mwalimu. Muyaka alifariki mnamo 1840 pasi na diwani iliyochapishwa. Sehemu kubwa ya tungo zake zilizobaki zimefika kwa vizazi vya leo kwa sababu Mwalimu Sikujua, msomi wa Mombasa, alizikusanya kutoka vinywani mwa watu na kushirikiana na mmisionari William Taylor, ambaye aliacha makaratasi yenye maelezo ya pembeni kuhusu maneno na matukio. Makaratasi hayo yamehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya kifo cha mshairi, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mkubwa. Maelezo ya pembeni hayakuandikwa kwa ajili ya mtafiti wa Kilifi. Lau kila alama ya msomaji ingelikuwa siri ya kuzikwa naye, taaluma ya ushairi wa Kiswahili ingekuwa na mashimo makubwa zaidi kuliko yaliyopo. Basi kwa nini jicho la mtafiti liruhusiwe pembeni mwa muswada, na jicho la mashine likatazwe pembeni mwa kivinjari?

Jibu la haraka ni kwamba wale wamekufa na hawa wako hai, lakini jibu hilo halitoshi. Tofauti kubwa zaidi iko kwa mpokezi. Mwalimu Sikujua alikuwa mtu wa mji aliyejulikana kwa jina, aliyekutana njiani na jamaa za watu waliotajwa katika mashairi aliyoyanakili. Shairi la kumkashifu mtu lilipitia mkononi mwa mtu aliyeweza kuulizwa. Msaidizi wa mashine hakutani na mtu njiani.

Isitoshe, alamisho si mali ya mwenye kivinjari peke yake, na hapa ndipo folda ya Wazee ilipomsumbua mwalimu kuliko zile kurasa za kazi ya ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na anwani za sauti alizozirekodi kwa wazee wa Mombasa na Pate, zikiwa zimewekwa katika hifadhi ya mtandaoni kwa namna ambayo yeyote mwenye kiungo angeweza kuzisikiliza. Watu wengi hudhani kwamba anwani ni kama jina la barabara, ambalo kulijua si kuingia ndani. Kwa hati zinazoshirikiwa kwa kiungo, anwani ndiyo ufunguo. Orodha ya alamisho inaweza kuwa shada la funguo, na wahadhiri wanaohifadhi kwa njia hiyo rasimu za tasnifu wanazozitahini wangefanya vyema kulizingatia hilo. Wazee wale waliridhia sauti zao zisikilizwe na mtu mmoja aliyekuja kuwatembelea, akaketi barazani, akanywa kahawa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatambua kwamba ridhaa hutolewa kwa kusudi lililo bayana. Kusudi la wazee lilikuwa tasnifu. Hakuna aliyewauliza kuhusu msaidizi, kwa kuwa walipohojiwa hakuwapo.

Yapo pia mambo ya kiufundi ambayo mtu wa fasihi huyapita haraka kwa kuyaona si yake. Faili kuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani si kinga kamili: majibu ambayo programu ndogo inampa msaidizi huingia katika mazungumzo, na kama msaidizi anaendeshwa kwenye seva za kampuni, majibu hayo nayo husafiri mpaka huko. Firefox huweka alamisho na historia ya kurasa zilizotembelewa ndani ya hifadhidata moja, hivyo programu iliyopewa faili hilo kwa ajili ya zile inaweza kuisoma na hii. Chrome kwa muda mrefu kimeweka alamisho katika faili la maandishi ya kawaida ambalo programu yoyote ya mtumiaji huyo inaweza kulifungua. Hatari iliyo karibu zaidi na taaluma ya matini ni ile iliyopewa jina na Simon Willison mwaka 2022: ukurasa uliohifadhiwa unaweza kufichwa ndani yake maneno yanayomwelekeza msaidizi afanye jambo ambalo mwenyewe hakuliomba. Msaidizi akiufungua ukurasa huo, huenda asitofautishe kauli ya matini na agizo la bwana wake. Ni kama mtumwa wa ngano aliyetumwa barua, akaifungua njiani, akakuta imeandikwa kwamba aliyeibeba anatakiwa arudi kuiba sanduku, akarudi.

Mwalimu wa Kilifi hakumfukuza msaidizi wake. Aliondoa viungo vya Wazee, akazifunga zile sauti zisifunguke bila ya nywila, kisha akatenga kivinjari kimoja kwa ajili ya utafiti tu, ambacho alamisho zake pekee ndizo zinazopekuliwa. Maswali ya kutafuta kitu maalumu anaendelea kuyauliza. Swali la yeye ni nani hajaliuliza tena. Wenzake wawili waliosikia kisa hicho waligawanyika: mmoja alisema kwamba mtu asiyekuwa na la kuficha hana haja ya folda mbili, mwingine akamwomba huyo aliyesema hivyo amwonyeshe simu yake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Limebaki jambo la kurasa zilizokufa. Kituo cha utafiti cha Pew kilionyesha mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena muongo mmoja baadaye, na folda za mwalimu zina mifano yake tele. Baadhi zimenusuriwa na Wayback Machine, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Nyingine zimebaki vichwa vitupu. Msaidizi alipendekeza azifute, kwa hoja kwamba hazielekezi popote. Mwalimu alikataa. Kichwa cha makala kisichofunguka kinamkumbusha kwamba mwaka fulani aliwahi kuuliza swali fulani, na ushahidi huo hauko mahali pengine.

Amekwisha kuandika karatasi ya maagizo na kuitia pamoja na hati zake za shamba. Folda ya Muyaka ipewe maktaba ya chuo, pamoja na tarehe zake. Sauti za wazee zirudishwe kwa watoto wao, na nakala zifutwe. Kuhusu Baadaye, ambayo sasa imepita alamisho 1,100, ameacha mstari mtupu.